Nani Alimwambukiza wa Kwanza?

  

Muhula uliopita, wiki chache kabla ya mitihani, mama mmoja alikuja hostelini kwetu akitokea upande wa Soroti. Alikuja na mfuko wa karanga na kuku wawili waliofungwa miguu, ambao mlinzi aliwazuia getini. Alipoingia chumbani alimkuta binti yake, mwenzangu wa chumba tangu mwaka wa kwanza, amevaa hijabu. Binti alikuwa ametamka shahada mwezi mmoja na nusu nyuma na alikuwa bado hajapata ujasiri wa kusema nyumbani. Mama hakupiga kelele. Alikaa kwenye kitanda changu, akanitazama kwa muda, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kile alichojifunza akiuza mihogo mikavu mpakani Busia: "Ni wewe umeniambukizia mtoto."

Sikuwa na jibu. Nilisema tu, "Hapana, mama," nikaenda kumchemshia chai.

Tangu siku hiyo neno lile halijaniacha. Sisi tuliokulia Uganda hatulitumii kwa mzaha. Ebola ya Gulu ya mwaka 2000 tunaisikia kwa wakubwa, ile iliyoanzia Mubende mwaka 2022 tunaikumbuka wenyewe, na korona ilitukalisha nyumbani karibu miaka miwili. Mama yule hakuwa akipamba maneno. Alimaanisha kwamba alileta chuoni mtoto mzima, nami nikamtia kitu ambacho hakukichagua, kilichotoka kwangu kikaingia kwake kwa sababu tu tulilala chumba kimoja na kula sahani moja.

Nilimsimulia kisa hiki kijana mmoja wa mwaka wa nne anayesomea udaktari. Amezaliwa katika nyumba ya Kiislamu lakini siku hizi anasema haamini kitu. Akacheka, akasema mama yule amesema kweli kuliko anavyojua mwenyewe. Dini zote, alisema, hutembea hivyo: mzazi humpa mtoto, rafiki humpa rafiki, na kila aliyeipata hudhani ameichagua. "Wewe ungezaliwa Soroti ungekuwa Mkatoliki, na ungekuwa na uhakika uleule ulio nao sasa."

Hoja hiyo hakuitunga yeye. Aliyeieneza zaidi ni Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, ambaye kwa taarifa yako, ndugu msomaji, alizaliwa hapa jirani Nairobi mwaka 1941. Katika kitabu chake The Selfish Gene cha mwaka 1976 alisema kwamba mawazo, nyimbo na mitindo hujinakili kutoka kichwa hadi kichwa kama jeni zinavyojinakili kutoka mwili hadi mwili. Mwaka 1991 akaandika makala inayoifananisha dini na virusi vya kompyuta: kitu kinachoingia bila ruhusa, kikajinakili, kikamwamrisha mwenyeji wake akisambaze kwa wengine. Walio hatarini zaidi, kwa maoni yake, ni watoto, kwa sababu akili ya mtoto imeumbwa iamini inachoambiwa na wakubwa.

Nataka kuichukua hoja hii kwa uzito, maana nimechoka kuisikia ikijibiwa kwa takbira.

Kwanza niseme kwamba sehemu kubwa ya maelezo yake ni kweli, na sisi ndio tuliotangulia kuyasema. Sote tuliipita hadithi ya fitra mwaka wa kwanza, ile iliyopokewa na Bukhari na Muslim: kila mtoto huzaliwa juu ya maumbile safi, kisha wazazi wake ndio humfanya Myahudi, Mkristo au Mmajusi. Mtume (s.a.w.) pia alitufundisha kwamba mtu huwa katika dini ya rafiki yake, basi aangalie anafanya urafiki na nani. Na akapiga mfano wa muuza miski na mfua vyuma: ukikaa na wa kwanza utaondoka na harufu nzuri hata kama hukununua, ukikaa na wa pili utaungua nguo au utaondoka na moshi. Tukisema ukaribu hauna athari katika imani, tutakuwa tunamkadhibisha Mtume wetu, wala Dawkins hatutakuwa tumemgusa.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Ni Mnubi wa Bombo. Wazee wetu walikuwa askari wa Emin Pasha kutoka Sudan, Lugard akawaleta Kampala mwaka 1891, nao wakaja na dini yao. Niliikuta nyumbani kama nilivyoikuta gurusa mezani. Hakuna siku niliyoketi nikapima dini hii na ile.

Na kuna jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani. Misikiti na shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni, na nilikuwa amira wa wasichana wa Kiislamu. Kazi yangu ilikuwa kuwaamsha wenzangu kwa swala ya Alfajiri, na niliifanya kwa ukali, kwa kuwavuta mashuka. Tukarudishwa nyumbani. Wiki ya tatu nikaanza kuichelewesha Alfajiri. Kabla Ramadhani haijaisha nilikuwa siiswali kabisa, na baada ya Idi na nyingine zikafuata. Mama alidhani naswali chumbani. Mimi, amira, niliyewavuta wenzangu mashuka! Kumbe kile nilichokiita imani yangu kilikuwa kwa sehemu kubwa ni kengele ya shule na sauti za wasichana wakitawadha bombani. Kama imani ni homa, mimi nilipona kwa karantini.

Nilirudi kuswali baada ya miezi kadhaa, na sitadai kwamba niliona nuru. Usiku mmoja umeme ulikatika, usingizi ukagoma, nikajikuta najiuliza kama kweli ninapokuwa peke yangu hakuna anayenisikia. Swali hilo halikuniachia nafasi ya kugeuka upande wa pili. Nikatawadha gizani kwa kopo. Rakaa zile mbili hazikuwa na kengele wala kiranja, na hakuna aliyezijua hadi leo ninapoziandika.

Ndiyo maana mwaka wa pili, mwalimu alipotusomesha habari za Imamu Ghazali, nilikaa wima. Ghazali anasimulia katika Al-Munqidh min ad-Dhalal kwamba tangu ujana aliona watoto wa Wakristo hawakui ila juu ya Ukristo, watoto wa Mayahudi hawakui ila juu ya Uyahudi, na watoto wa Waislamu hawakui ila juu ya Uislamu. Akaikumbuka hadithi ya fitra, akatamani kujua maumbile yale ya asili ni yapi, na yale yaliyopandikizwa na wazazi na walimu yanaishia wapi. Hii ndiyo hoja ya kijana wetu wa udaktari, imesemwa zaidi ya miaka 900 iliyopita na mtu tunayemwita Hujjatul Islam. Wala hakuikimbia. Alianza kutilia shaka hata macho yake na hesabu zake, akakaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Miaka mingi baadaye, akiwa mwalimu mkuu Baghdad mwenye wanafunzi wapatao 300, alijihoji tena, mara hii akiuliza kama anafundisha kwa ajili ya Allah au kwa ajili ya cheo. Ulimi ukamkataa, chakula kikamkataa, na mwaka 1095 akaiacha kazi na mji. Mtu huyu alijua kwamba dini aliipokea kwa watu. Alichokataa ni kuishia hapo.

Lakini ngoja tuiulize hoja yenyewe inathibitisha nini. Tuseme nimekubali kwamba nilipata imani yangu kwa kuipokea kutoka kwa baba, naye kwa babu. Je, hilo linaonyesha kwamba si kweli? Jedwali la kuzidisha nililipata kwa mwalimu wa darasa la tatu aliyetuimbisha hadi tukalala nalo. Sikulichunguza, nililiamini kwa sababu alilisema mtu mzima mwenye fimbo. Saba mara nane ni hamsini na sita hata hivyo. Habari kwamba malaria huletwa na mbu ilinifikia vivyo hivyo. Jinsi jambo lilivyonifikia ni swali moja, na kama ni kweli ni swali lingine, na mtu anayejibu la kwanza akadhani amejibu la pili amejidanganya. Nilimuuliza kijana yule kutokuamini kwake alikupata wapi. Akafikiri, akasema kwa video alizokuwa akiangalia na rafiki zake usiku, likizo ya kidato cha sita. Nikamwambia basi tuko wagonjwa wawili. Tulicheka, ingawa alibaki akiniambia kwamba wagonjwa wawili si afya, na hapo alisema kweli. Kumrudishia mtu hoja yake hakuithibitishi ya kwako.

Kuna pia suala la wasioambukizwa. Tazama mwisho wa Suratut Tahrim, pale Allah (s.w.) anapowapigia mfano waliokufuru na walioamini. Anawataja mke wa Nuh na mke wa Lut, wanawake walioishi chini ya waja wake wawili wema. Hakuna ukaribu mkubwa kuliko huo: nyumba moja, sufuria moja, miaka kwa miaka. Haukuwafaa kitu. Kisha anamtaja mke wa Firauni, aliyeishi katikati ya ukafiri mkubwa kuliko wote wa zama zake, akamwomba Mola wake nyumba Peponi. Nyumba za Mitume zilishindwa kuwaambukiza wawili wale, na kasri la Firauni likashindwa kumwambukiza yule.

Kijana wangu ana jibu: hata Ebola haimpati kila aliyeguswa, wengine wana kinga. Sawa. Ila hapo ndipo nadharia inapoanza kunitia shaka. Mtu akiamini, ameambukizwa. Asipoamini, ana kinga. Akiamini kisha akaacha, amepona. Akiacha kisha akarudi, ni ugonjwa unaojirudia, kama malaria. Hakuna mtu duniani anayeweza kufanya jambo ambalo nadharia hii haina jina lake. Daktari akikwambia una homa unaweza kumwomba kipimo. Hapa kipimo kiko wapi? Sikupata jibu kwake.

Sasa nije kwenye hadithi iliyonipa kichwa cha makala hii. Mtume (s.a.w.) alipokanusha kwamba maradhi huambukiza, bedui mmoja alimuuliza: vipi kuhusu ngamia wanaokaa mchangani wakiwa wazuri kama paa, akaja ngamia mwenye upele akachanganyika nao, wote wakapata upele? Mtume akamjibu kwa swali: yule wa kwanza aliambukizwa na nani? Imo katika Bukhari na Muslim. Wanazuoni wetu wameieleza pamoja na hadithi nyingine zinazotuamuru kumkimbia mwenye ukoma na kutoingia mji wenye tauni, wakasema kinachokanushwa ni maradhi kuhama kwa nguvu yake yenyewe bila ya idhini ya Allah. Kwa hiyo asije mtu akaitumia kukataa chanjo.

Mimi linanishika swali lenyewe. Mnyororo wa maambukizi, hata uwe mrefu vipi, una pete ya kwanza, na ya kwanza haielezwi na nyingine. Ukiniambia mimi nimeipata kwa baba na baba kwa babu, endelea kupanda. Utafika kwa nani? Ibrahim (a.s.) alizaliwa nyumbani kwa Azar, katika watu wote walioabudu masanamu. Kama ni harufu, kila pua karibu yake ilikuwa na moshi. Nani alimwambukiza? Na Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira alikuwa na nani chumbani? Asiyeamini atasema pale mwanzo palikuwa na kosa, au ndoto. Nasi tutasema palikuwa na wahyi. Huo ndio ubishi wenyewe, nao uko kwenye pete ya kwanza. Nadharia ya maambukizi inazungumzia pete zote isipokuwa hiyo.

Na sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tusisahau tunachosoma. Elimu ya hadithi yote imejengwa juu ya mnyororo wa mtu kwa mtu. Fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani. Lakini tazama wanazuoni waliufanyia nini mnyororo huo. Waliuliza huyu alikutana kweli na yule? Kumbukumbu yake ilikuwaje? Aliwahi kusema uongo hata sokoni? Uzeeni alianza kuchanganya? Kuna mapokezi yasiyohesabika yaliyokataliwa kwa sababu ya pete moja mbovu. Virusi haviulizi uaminifu wa anayevibeba: tapeli na walii huvipitisha sawasawa. Kwetu mpokezi huulizwa. Ni kweli kwamba mtoto wa miaka mitano hafanyi utafiti wa jarhu na taadili kabla ya kusoma Fatiha. Ila umma ambao kazi yake kubwa ya kielimu ilikuwa kukagua minyororo hauwezi kuambiwa kwamba haujui tofauti ya kupokea na kuambukizwa.

Nchi yetu ina kisa ambacho kwangu kinayatenganisha mambo hayo mawili. Kabaka Suna alipata habari za Uislamu mwaka 1844, Ahmad bin Ibrahim alipofika katika baraza lake na kuthubutu kumwambia kwamba watu anaowaua wana Mola aliyewaumba. Mwanawe, Mutesa wa Kwanza, akaenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa miaka kama kumi, akajenga msikiti, akaamuru watu wake wafuate, na wasiofuata wakaadhibiwa. Bila shaka kasri zima lilifunga. Ukitaka mfano wa dini inayoenea kama mafua, basi ni ule. Mfalme akipiga chafya, wote wanapiga.

Lakini Mutesa hakutahiriwa, kwa kuwa mila ilikataza damu ya Kabaka kumwagwa. Walipofika walimu wa Kiislamu kutoka upande wa Misri na Sudan wakawafundisha vijana wa kasri kwamba asiyetahiriwa hafai kuwaswalisha, vijana wakakataa kuswali nyuma ya mfalme na kula nyama yake. Mwaka 1876 wapatao 70 wakachomwa moto Namugongo. Kila tarehe 3 Juni umati mkubwa huenda Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Kikristo, nao wana haki ya kukumbukwa, lakini wengi hawajui kwamba miaka kama kumi kabla yao moto huohuo uliwala Waislamu. (Waislamu wenzangu wengi hawajui pia, na hiyo ni aibu yetu.) Ninachotaka kusema ni hiki: mfalme alipogeuka, waliokuwa wamefunga kwa kuwa mfalme anafunga waligeuka naye, na hilo nadharia ya maambukizi inalieleza vizuri sana. Wale sabini haiwaelezi. Dini iliwafikia kwa njia ileile, kasri lilelile, mwezi uleule wa Ramadhani. Mahali fulani njiani waliulizwa swali, kila mmoja peke yake, nao wakajibu.

Baada ya kusema yote haya ningeweza kumaliza, na ningekuwa nimemshinda kijana wa udaktari. Lakini mama wa Soroti sijamjibu. Yeye hakuuliza kama Uislamu ni kweli. Alisema mimi nimefanya nini.

Basi niseme nilichofanya. Sikumhubiria mwenzangu. Ramadhani tuliamka pamoja kula daku kwa sababu chumba ni kidogo na taa ni moja. Akajaribu kufunga siku moja, kisha tatu. Akapenda uji wa futari, akapenda utulivu wetu wa jioni. Nilimpa mtandio wangu wa kijani. Aliponiuliza maswali nilijibu yaliyo mepesi, na magumu nikayapeleka mbele. Alipotamka shahada ukumbini dada walilia, mimi nikalia, picha yake ikarushwa kwenye kundi la WhatsApp, na mtu akaandika kwamba muhula huu tumepata wanne. Tunawatangaza waliosilimu kama Wizara ya Afya inavyotangaza wagonjwa wapya. Waliokuja mwaka juzi wako wapi leo, nani anayewatembelea? Hesabu hiyo sijaiona ikitumwa.

Likizo ndefu nikaenda Bombo, yeye akaenda kwao. Tuliporudi Agosti hijabu ilikuwa begini na hakuwa akiswali. Nilingoja siku nne, kisha nikamuuliza. Akasema, "Nilikuwa naswali na wewe. Ulipoondoka hakukuwa na wa kuswali naye."

Nilikasirika. Nikamwambia, "Kwa hiyo ulikuwa unanifurahisha mimi?"

"Sijui," akasema. "Ndiyo nataka kujua. Usiniamshe tena."

Wiki ile ile mama yake alinipigia simu. Sauti ilikuwa ya furaha. Alinishukuru kwa kumwangalia mwanawe, akasema, "Asante, mwanangu. Amepona."

Ndugu msomaji, nilikaa na neno hilo usiku kucha, mimi ambaye mwaka 2020 nilipona vilevile bila mtu kujua. Allah (s.w.) amemwambia Mtume wake katika aya nyingi kwamba juu yake ni kufikisha tu, na kwamba hakuna kulazimishana katika dini. Kufikisha kuna mwisho: ujumbe ukishafika, anayefuata kusema ni aliyefikiwa. Mimi sikumwachia nafasi hiyo. Nilimzunguka kwa wema, kwa uji, kwa mtandio, kwa picha, hata akawa hawezi kusikia anachofikiri mwenyewe. Miski alinusa. Kununua hakununua, kwa sababu muuzaji hakumwonyesha bei. Maswali yale magumu niliyoyapeleka mbele ndiyo yaliyokuwa bei.

Alihama chumba mwezi wa tisa, akapata cha peke yake mwisho wa ujia. Hatukugombana. Vijiko vyake viwili bado viko kwangu, na sahani yangu ya bluu iko kwake. Jumamosi tunapika pamoja. Ameazima tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy na kitabu kimoja cha maisha ya Isa (a.s.), na akija na swali sasa nakaa naye hadi liishe, hata kama jibu langu ni kwamba wanazuoni wametofautiana. Siku moja aliniuliza kuhusu mama yake, kama atakuwa motoni. Tulikaa saa mbili. Uji ukapoa.

Kuna dada katika jumuiya walioniambia kwamba namwacha ndugu yetu apotee, kwamba ningeendelea kumgongea mlango angekuwa msikitini leo. Inawezekana. Hadithi ya rafiki iko upande wao, na sina aya ya kuwafunga midomo. Kuna usiku nakubaliana nao nikakaribia kuinuka.

Juzi niliamka kabla ya adhana. Nilisikia maji ya bomba la bafu la pamoja yakitiririka kidogokidogo, namna ya mtu asiyetaka kuamsha wengine. Ujia wetu una vyumba sita, na Waislamu tuko watatu. Maji yalikatika, nikasikia ndara zikipita mlangoni kwangu kuelekea mwisho wa ujia, au pengine kuelekea ngazi. Sikufungua mlango. Nilingoja pakawa kimya, kisha nikaenda kutawadha.